Poda Niliyomwagiwa Mapema

Mwezi uliopita, uani kwa Tantine Bea, aliyenilea, hapa mtaa wa Shari, Bunia, walinipa kopo la poda nikalikataa. Neema, binti wa mdogo wangu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, kitambaa cha zamani mabegani, kichwa ameshakiinamisha. Simu ilikuwa imelia, orodha ya waliopokelewa chuoni, faculté ya udaktari, ilikuwa imeingia, na mtu fulani nyuma alikuwa ameshapiga kelele kwamba jina lipo. Kwetu Congo mtoto akifaulu hatumpi mkono tu. Tunammwagia poda, ile nyeupe ya watoto wachanga, kichwani na usoni na shingoni, mpaka afanane na mtu aliyelala kwenye gunia la unga, kisha tunamzungusha mtaani wote wamwone. Anayemwaga ni mkubwa wa shughuli, na siku hiyo mkubwa nilikuwa mimi, Docteur Lotsove, shangazi mwenye miwani. Nikasema, "Simwagi. Lete hiyo simu nisome mwenyewe, kuanzia kichwa cha karatasi mpaka sahihi ya chini." Vijana wakanung'unika. Wazee watatu tu ndio waliocheka: Tantine Bea, ambaye siku hizi haoni vizuri lakini anasikia mpaka unayoyawaza, Tonton Zaki, shemeji yake, fundi mbao, na Ngabu, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Mahagi, na ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka saba. Ngabu alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Tantine Lotsove," Neema akaniuliza kwa hasira, kichwa bado chini, "weye na poda muligombana wapi?" Nikamwambia angoje. Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ni mwaka mzima.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa na asilimia hamsini na tisa. Nayataja yote mawili pamoja kwa sababu hapa kwetu asilimia ya diploma ya sekondari ni kama jina la ubatizo, utaolewa nayo na utazikwa nayo. Hamsini na tisa si mbaya. Miaka ya nyuma ingenitosha kuingia faculté yoyote, kwa kuwa mwenye diploma alikwenda kujiandikisha kama anayekwenda bombani: ukiwahi, unajaza ndoo yako. Lakini waliomaliza sekondari walikuwa wameongezeka, watu wa Djugu waliokimbia vita vijijini kwao walikuwa wamejaa mjini na watoto wao wenye akili, na kila mzazi wa Bunia aliamka na wazo moja, kwamba wake awe daktari. Ndipo chuo cha serikali kikabandika tangazo: faculté ya udaktari itachukua hamsini tu, kwa concours, yaani mtihani wa kuchujana, na mwenye kuchelewesha karatasi zake atapoteza kiti. Jioni ile uani kwa Tantine hakukuwa na habari nyingine. "Hamsini? Jimbo muzima ya Ituri?" jirani mmoja aliuliza. "Na wa Aru? Na wa Mahagi? Na wa Mambasa?" Tonton Zaki akajibu, "Wote kwa ile hamsini. Ni kuku moja kwa arusi." Tantine alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua kichwa. "Zamani université ilikuwa inatafuta watoto," alisema. "Leo watoto njo wanatafuta université. Lotsove, acha kushangaa, enda usome."

Kusoma wapi, hilo ndilo lilikuwa swali. Tantine aliuza samaki wa ziwani, kutoka Tchomia, na nyumba nzima ilikuwa chini ya utawala wa samaki. Nyuma ya jiko palikuwa na stoo ya mbao: magunia ya samaki wa chumvi upande mmoja, vikapu vya samaki wa moshi upande mwingine, na katikati meza ndefu ambayo Tonton Zaki aliitengeneza kwa ajili ya kupangia mzigo. Juu ya meza ilining'inia taa yenye nguvu kuliko zote za nyumbani, maana mnunuzi wa samaki haamini giza. Saa kumi jioni wanunuzi walipokwisha, Tantine aliifuta meza kwa majivu na limau, akaniambia, "Sasa ni bureau yako." Harufu haikufutika. Madaftari yangu yalinuka, nywele zangu zilinuka, na paka mkubwa wa kijivu, tuliyemwita Recteur, yaani mkuu wa chuo, kwa jinsi alivyokaa mlangoni kukagua kila aingiaye, alianza kuniheshimu kuliko alivyomheshimu mwenye nyumba.

Ngabu nilimpata kwenye foleni ya kupeleka dossier, karatasi za kuomba mtihani, kabla diploma yenyewe haijatakiwa. Alikuwa kijana mrefu mwenye asilimia sabini na moja na shati moja. Tulisimama pale tangu asubuhi, na yeye, badala ya kulalamika kama sisi, alikuwa anawaeleza watu fizikia kwa kuchora mchangani na kijiti, bila kujali kwamba kila aliyemwelewa alikuwa adui yake wa kiti. Nilimwambia kwamba kwetu kuna taa. Akajibu, "Na kwangu kuna kichwa," tukapatana. Tangu siku ile alikuja kila jioni kutoka kambi ya waliohama, alikokuwa akiishi na mama yake, akaketi upande wa samaki wa moshi, mimi upande wa chumvi. Alikuwa na tabia ya kunigongea kidole mezani nilipokosea. Hakusema "hapana", aligonga tu, tok, mara moja. Nilimchukia kwa ajili ya kile kidole kwa wiki mbili nzima, kisha nikaanza kukisikia hata nilipokuwa peke yangu, na hesabu zikaanza kunyooka.

Saa moja Tantine aliingiza sahani: bugali, lengalenga, ule mchicha wetu, na vichwa vya samaki ambavyo wanunuzi hawakuvitaka. Hakuna aliyekula vichwa vya samaki kwa ufundi kama Ngabu. Alivifungua kama mtu anayefungua barua, akimpa Recteur mifupa kwa zamu, na huku akisimulia mambo ya kwao kwa namna ya kuchekesha, hata yasiyochekesha. Ndivyo siku moja nilivyomuuliza ni nani aliyemmwagia poda siku ya diploma, na kwa sabini na moja lazima kijiji kizima kilikuwa cheupe. Akalamba vidole kwanza. "Miye? Hawakunimwagia. Siku matokeo ilisomwa siye tulikuwa mu njia, miye niko na godoro ku kichwa. Nilisikia jina yangu kwa radio ya mutu mwenye tulikuwa tunapita pa mulango yake. Nilisimama kidogo. Mama akasema, tembea." Akacheka, nami nikacheka kwa sababu alicheka. Halafu tukarudi kwenye kemia. Ningekuwa na akili ya leo ningeweka kalamu chini.

Siku ya concours tulikwenda pamoja, tumevaa nguo zilizofuliwa mara tatu, na bado harufu ikafika kabla yetu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi kwenye ngazi. Msichana aliyekuwa benchi langu alinusa, akanitazama, akahama, na aliyefuata naye akahama, hivyo mimi peke yangu katika ukumbi ule nilikuwa na nafasi ya kukunjua viwiko. Swali la tatu la fizikia lilikuwa lile lile la mteremko tulilolirudia mpaka nikalia. Niliandika jibu, nikasikia tok kichwani, nikalifuta, nikaandika lingine. Nilipotoka nilimkuta Ngabu chini ya veranda akila muhogo wa kuchoma. "Ya tatu uliandika nini?" akauliza. Nikamwambia. Hakugonga kitu. Akanikatia muhogo nusu, na mimi nikajua niko hai.

Majibu yalibandikwa baada ya wiki tatu, kwenye ubao wenye wavu pale chuoni, ule tunaouita valve. Tonton Zaki alijipa kazi ya kwenda kusoma, kwa kuwa ni mrefu na ana sauti ya kengele ya kanisa, na mfukoni alitia kopo jipya la poda, maana yeye si mtu wa kwenda mahali bila matumaini. Watu walijaa mbele ya valve kama siku ya mgao. Kulikuwa na karatasi mbili zimebanwa moja juu na nyingine chini, na ukingo wa ile ya juu ulikuwa umefunika kichwa cha ile ya chini. Tonton alitazama juu ya vichwa vya watu. Akaona namba nne, akaona Lotsove. Hakungoja kitu kingine. Tulimsikia kabla hatujamwona, anashuka barabara ya Shari akipiga kelele, "Numero quatre! Wa ine! Mutoto ya samaki ni wa ine kwa Ituri yote!" Mimi nilikuwa nimeinama nafua. Poda ilinipata mgongoni kwanza, halafu kichwani, halafu mdomoni, na Tantine Bea, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alitoka stooni mbio na kisu cha samaki mkononi, akidhani tumevamiwa.

Basi walinizungusha. Masufuria yaligongwa, watoto waliimba, mchungaji wa jirani akaniombea katikati ya barabara na kusimamisha pikipiki mbili. Walichinja kuku wawili. Muzee mmoja wa nyumba ya pili, ambaye goti lilimsumbua tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka, alikuja akachuchumaa kwa shida mbele yangu na kukunja suruali. "Docteur," aliniambia, "ona hii mbele ya watu wengine wajue." Nililishika lile goti kwa heshima zote. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata tena ya namna ile, naiapia, hata siku ya arusi yangu. Jua lilipoanza kuteremka Ngabu akaja. Alisimama karibu na mlango wa stoo, akanitazama nilivyo mweupe, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akapiga makofi kama wengine, akapewa paja la kuku, akala. Watu walipoondoka alichukua ufagio bila kuambiwa, akafagia poda yote uwanjani, pole pole, hadi kwenye jalala.

Kesho yake asubuhi alinikuta stooni. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Recteur akabaki nje akilia. "Lotsove, ile karatasi yenye Tonton alisoma, ni ya chini. Ya chini ni liste d'attente. Weye ni wa ine kwa wenye wanangoja." Nilimwambia anadanganya. Akasema niende nikaangalie. Nilikaa juu ya gunia la samaki. Nywele zangu zilikuwa bado zina poda, ilianguka kila nilipotikisa kichwa. Nikamuuliza, "Na weye?" Akatazama taa. "Miye niko kwa ya juu. Onze." Wa kumi na moja, na kwa karatasi ya kweli. "Na jana haukusema kitu?" "Ningesema wapi? Mudomo ilikuwa imejaa kuku." Nilipaswa kucheka. Nilipaswa kusimama, nikamkumbatia, nikaita watu. Nilimpa hongera, "félicitations", kama mtu anayelipa faini, na moyoni nilimwonea wivu mpaka meno yakaniuma. Kopo la poda lilikuwa pale pale mezani, tupu.

Wiki iliyofuata niliishi kama mwizi wa cheo. Nani angenisaidia kurudisha poda kwenye kopo? Asubuhi nilipokwenda dukani waliniita Docteur. Wanawake wawili walinionyesha mapele ya watoto wao. Mwenye kuuza beignets, maandazi yetu, alinipa mbili za bure niwakumbuke wakati wa sindano. Na mimi kila siku nilikwenda kwa siri kwa appariteur, yule mwandishi wa chuo anayepokea karatasi za wanafunzi wapya, kumuuliza kama kuna aliyekosa kuja. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mihuri mitano na subira kidogo. Jumatatu alisema mmoja amekwenda kusoma Kisangani. Jumanne, wawili zaidi. Jumatano alihesabu kwa kalamu akasema, "Viti tatu iko wazi, na wa tatu wa mbele yako wameshaitwa. Ijumaa saa sita tunafunga. Bado mutu moja tu hajaleta diplome yake. Kama hafiki, weye njo unaingia." Nilisoma jina alikoweka kalamu. Lilikuwa jina la Ngabu.

Nilimkuta stooni anampangia Tantine vikapu, kama kawaida yake. Nikamuuliza diploma yake iko wapi. Akasema iko kijijini, ndani ya sanduku la shule, hakuwahi kuichukua, na shule haina tena paa wala ukuta. Karatasi nyingine ingeweza kuandikwa na préfet, mkuu wa shule yake ya zamani, lakini naye alikimbia, na kwa habari za mwisho alikuwa Mahagi-Port, juu kabisa ya ziwa. "Si uende?" "Kwa siku mbili? Na feza gani? Wacha, Lotsove. Miye nitajaribu mwaka kesho. Kiti ni yako. Poda weye ulishamwagiwa, miye hapana." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayeniachia nafasi kwenye benchi. Nitasema kweli, maana nimezeeka na sina wa kumdanganya: nilifurahi. Niliingia chumbani nikafurahi. Nilijiambia sikuiba, sikuomba, ni yeye aliyesema. Chakula cha mchana kilipofika, maharage na mihogo, nilirudisha sahani jikoni ikiwa imejaa.

Chumba changu na jiko vilitenganishwa na mbao ambazo Tonton alizipanga akiwa na haraka, na kila neno lilipita. Tantine alikuwa anaosha vyombo, Tonton anangoja kahawa. Nilimsikia Tantine akisema, "Zaki, uliona ule kijana Ngabu siku ya poda?" "Nilimuona anakula." "Weye unaonaka chakula tu. Miye nilimuona anafagia. Mutu mwenye anafagia poda ya mwenzake na hanuni, kama ningekuwa na binti wa pili ningemupa." Tonton akauliza, "Na yeye alipata nini kwa ile concours?" Ufuniko wa sufuria uliwekwa chini. "Eh! Hatukumuuliza," Tantine alisema. "Nyumba muzima, hakuna mutu alimuuliza."

Nilitoka. Nilisimama mlangoni mwa jiko, nikasema, "Tantine, miye si daktari." Hakugeuka. "Nani alikuambia uko daktari? Uko mutoto ya concours." Ndipo nikayamwaga yote kwa pumzi moja: karatasi ya juu na ya chini, namba nne ya kungoja, kumi na moja ya Ngabu, sanduku, préfet, Ijumaa saa sita. Tonton Zaki alishika kichwa, akasema "Wavu! Ni ile wavu!" Nilingoja kofi. Tantine alikausha mikono kwenye kikwembe kiunoni, kidole kimoja kimoja, na alichouliza hakikunihusu hata kidogo. "Ule préfet iko Mahagi-Port kwa nani?"

Wale wanaodhani kwamba serikali ndiyo inayoshikilia Ituri hawajawahi kuwaona wauza samaki wakifanya kazi. Tantine alimpigia simu Mama Uyirwoth wa Tchomia, mwenye kumletea mzigo, naye alikuwa na mitumbwi ya injini inayopanda hadi Mahagi-Port. Kabla ya giza wanawake wa soko la kule walikuwa wanamtafuta préfet nyumba kwa nyumba, kama anayedaiwa mahari. Walimpata Alhamisi asubuhi kwenye baraza la kanisa, anafundisha watoto bila ubao, na chini ya kitanda chake palikuwa na kasha la chuma lenye vitu viwili alivyotoka navyo shuleni: daftari la majina na muhuri. Aliandika cheti kwa mkono, akagonga muhuri mara tatu asije mtu akatilia shaka. Karatasi ikatiwa mfuko wa plastiki, mfuko ukatiwa chini ya samaki, kikapu kikashuka ziwa mpaka Tchomia, na Ijumaa alfajiri kikapanda lori la Bunia.

Lori lilifika saa tano na nusu. Mimi na Ngabu tulikuwa tumesimama pale soko la samaki tangu saa mbili. Yeye hakuamini kwamba litafika. Mimi, Mungu anisamehe, mara mbili niliomba lipate pancha, na mara mbili nikaomba radhi. Vikapu kumi na vinne vilishushwa, na dereva hakujua ni kipi. Tukapiga magoti barabarani tukaanza kumwaga samaki wa Mama Uyirwoth huku wenye soko wakitutukana kwa lugha nne. Ni mimi niliyeuona mfuko. Nasema tena, ni mimi. Ulikuwa chini ya mkono wangu, Ngabu alikuwa amenipa mgongo, na nilihesabu, nadhani, mpaka tatu. Kisha nikagonga kikapu kwa kidole, tok, akageuka.

Tulipanda pikipiki moja watu wawili na dereva, tukaingia ofisini saa sita kasoro dakika chache. Appariteur alifungua mfuko, akarudisha kichwa nyuma. "Hii diplome ni ya mutu ao ya samaki?" Ngabu akasema, "Ya mutu, papa. Samaki ilimusindikiza tu." Yule mwembamba alicheka, jambo ambalo nadhani lilimshangaza mwenyewe, akapiga mihuri yake mitano. Halafu akanitazama mimi, aliyenijua kwa uso wa kila siku, akaelewa. "Na weye ulikuja naye?" Nikasema ndiyo. Tukarudi Shari kwa miguu, na Ngabu alishika mkono wangu tangu mlango wa chuo hadi mlango wa Tantine, naye si mtu wa kushika mikono.

Ilibaki mtaa. Tantine alisema walikula kuku kwa uongo, wacha wale samaki kwa kweli, na Jumapili baada ya ibada aliwaita wote. Nilisimama mbele yao nikasema. Walicheka, siwafichi, walicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Toka siku ile hadi mwaka ulipokwisha jina langu mtaani lilikuwa Docteur Attente. Mwenye beignets alisema zile mbili nitazila tena siku nikiingia kweli. Muzee wa goti ndiye pekee aliyesikitika. Alifikiri kidogo, akakunja suruali, akalitazama goti lake. "Bon," alisema, "na hii pia iko kwa liste d'attente. Tutangoja wote." Katika fujo ile ya kucheka na kula, tuliongea habari zangu mchana kutwa. Ngabu alikuwa anagawa sahani.

Mwaka ule wa kungoja ndio ulionifanya nilivyo, hilo nalijua leo. Asubuhi niliuza samaki, jioni Ngabu alikuja na masomo yake ya mwaka wa kwanza, tukayasoma pamoja kwenye meza ile ile, hata nikajua majina ya mifupa kabla ya kupata kiti cha kukalia. Concours ya pili niliifanya na watu wengi kuliko ya kwanza, na Tonton Zaki alikwenda kwenye valve na mchungaji kama shahidi, wakainua karatasi ya juu kwa fimbo, wakasoma mara tatu. Nilikuwa wa sita, wa kweli. Nilikaa uwanjani nikainamisha kichwa. Tantine alinipita na kikapu. "Unangoja nini? Weye ulishamwagiwa. Poda yako ulikula mapema. Simama, wateja wamefika." Miaka mingi baadaye, siku nilipopata koti jeupe la kwanza, nililianzia kwenye goti la yule Muzee, naye aliwaambia wote kwamba yeye ndiye aliyengoja vizuri kuliko wote Bunia.

Haya yote nilikuwa nimemsimulia Neema kwa ufupi, uwanja mzima ukisikiliza, huku nikiwa nimeshika simu. Niliisoma ile orodha toka juu hadi chini. Leo hawachukui kwa karatasi mbili tu, kuna alama, kuna mtihani, kuna mahojiano, na Neema mwenye asilimia sabini na nne alikonda miezi mitatu asilale vizuri. Kichwa cha karatasi kilisema waliopokelewa. Jina lilikuwepo. Nikachukua kopo, nikammwagia mtoto wangu mpaka akakohoa, na vigelegele vikapasuka hadi barabarani. Vijana wakamnyanyua, wakataka kutoka naye. Kopo lilikuwa bado na nusu. Nililipima mkononi, na ghafla nikaona kile ambacho nilipaswa kukiona kwenye stoo ya samaki, nikiwa na miaka kumi na tisa.

"Ngojeni," niliwaambia. "Ngabu, kuya hapa. Kaa."

"Miye? Kwa nini?"

"Numero onze. Kaa nimesema."

Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki, mganga mkuu mzima wa hospitali, baba wa watoto wanne. Aliinamisha kichwa. Nilimwaga ya diploma kwanza, kwa ajili ya ile siku ya godoro, kisha nikamwaga ya concours, na kwa kuwa nywele zake zimeshakuwa nyeupe poda haikuonekana, ikabidi niendelee mpaka kopo likaisha. Nilikuwa nalia na nacheka. Yeye alikaa hivyo hivyo, mikono magotini. Halafu akajipangusa macho, akaona jinsi uwanja wa Tantine ulivyochafuka, akainuka, na kwa mazoea tu akaanza kwenda pembeni mwa stoo, pale ulipokuwa ufagio tangu zamani. Tantine Bea, kwenye kiti chake, akageuza uso kufuata sauti ya nyayo zake.

"Ngabu," alisema. "Acha ile ufagio. Leo si weye unafagia."